Sare ya Dallas, 1948

Nilimfahamu Wally Triplett kupitia taarifa ya kifo chake. Ilikuwa Novemba 2018, nipo zamu ya usiku kwenye chumba cha habari, napitia habari za mashirika ya nje kutafuta kitu cha kujazia ukurasa wa michezo. Mzee wa miaka 92, Mmarekani mweusi, amefariki Detroit. Nikaipita. Siku ile tulikuwa na habari za ligi yetu, nani angesoma habari za mpira wa Kimarekani, ule wa kubeba mikononi na kuvaa helmeti? Lakini sentensi moja ilinifuata hadi kwenye daladala: kwamba huyu bwana alicheza Dallas, Texas, tarehe 1 Januari 1948, na kwamba timu yake ililazwa kambi ya wanamaji.

Kwa nini kambi? Swali hilo ndilo lililonipeleka kwenye historia ya mechi ambayo, kwa matokeo tu, haina maajabu. Iliisha 13 kwa 13.

Kwanza tuelewane kuhusu aina ya mechi yenyewe. Vyuo vikuu vya Marekani vinapomaliza msimu wa mpira wao, timu zilizofanya vizuri hualikwa kwenye mechi moja ya heshima, na mechi hizo huitwa mabakuli, jina lililotokana na umbo la uwanja wa Pasadena, California. Siku hizi yapo mengi hata timu ya kawaida hupata lake. Zamani haikuwa hivyo. Chuo cha Penn State kilialikwa Pasadena Januari 1923, kikafungwa na USC 14 kwa 3, kikarudi nyumbani Pennsylvania kusubiri mwaliko mwingine. Kilisubiri miaka 25. Wapinzani wao wa Dallas, Southern Methodist, au SMU kama wanavyojulikana, walikwenda Pasadena Januari 1936, wakalala 7 kwa 0 mbele ya Stanford, nao wakakaa benchi miaka 12. Kwa hiyo waliokutana mwaka 1948 walikuwa wageni wawili kwenye karamu. Wachezaji wengi wa pande zote walikuwa watoto wadogo, au hawajazaliwa kabisa, vyuo vyao vilipoalikwa mara ya mwisho.

Na hawakuwa timu za kubahatisha. Penn State ya kocha Bob Higgins ilikuwa imeshinda mechi zote tisa za mwaka 1947, ikiruhusu pointi 27 tu msimu mzima. Kwa wastani wapinzani walikimbia na mpira yadi 17 kwa mechi, yaani mita kumi na tano na ushee. Jamani, hiyo si safu ya ulinzi, ni ukuta wa gereza. SMU ya kocha Matty Bell ilishinda tisa na kutoa sare moja, na ilikuwa na Doak Walker, kijana wa Dallas aliyekimbia, akapasi na kupiga mikwaju, na ambaye mwaka uliofuata angetwaa tuzo ya Heisman. Kwenye orodha ya timu bora nchini, SMU ilikuwa ya tatu na Penn State ya nne. Ya kwanza, Notre Dame, enzi hizo ilikuwa haichezi mabakuli. Ya pili, Michigan, ilikwenda Pasadena. Kwa waandaaji wa Cotton Bowl, bakuli la Dallas, hakukuwa na mechi nyingine kubwa ya kuandaa zaidi ya hii.

Tatizo lilikuwa kwamba Penn State walikuwa na wachezaji wawili weusi, Wally Triplett na Dennie Hoggard.

Texas ya wakati huo ilikuwa na sheria na desturi za kuwatenga watu weusi kuanzia shuleni hadi makaburini. Hata maonyesho makubwa ya jimbo, yanayofanyika kwenye viwanja hivyo hivyo vya Fair Park ulipo uwanja wa Cotton Bowl, yalikuwa na siku maalumu iliyotengwa kwa watu weusi. Hakuna mchezaji mweusi aliyewahi kucheza bakuli hilo. Desturi ya vyuo vya kaskazini vilipokwenda kusini ilikuwa rahisi na ya aibu: wachezaji weusi unawaacha nyumbani, unasema wameumia, mambo yanaisha.

Triplett aliijua desturi hiyo tangu akiwa sekondari. Chuo Kikuu cha Miami kilimwahidi ufadhili wa masomo bila kumwona, kikidhani ni mzungu kwa sababu ya mtaa alioishi. Kilipogundua rangi yake, ahadi ikafutwa. Akaenda Penn State. Halafu, kama vile hadithi imetungwa na mtu mwenye kinyongo, mwaka 1946 ratiba ikaipangia Penn State kwenda kucheza na Miami hao hao. Miami wakadokeza kwamba ingekuwa vyema weusi wasije. Wachezaji wa Penn State wakakaa, wakapiga kura: ama twende wote, ama tusiende. Mechi ikafutwa.

Kura ile ndiyo ninayoiona kubwa kuliko yote yaliyofuata. Simulizi maarufu zaidi ni nyingine. Inasemwa kwamba kabla ya safari ya Dallas lilitolewa wazo la kikao kuhusu Triplett na Hoggard, na mchezaji Steve Suhey akalikata kwa kusema kwamba sisi ni Penn State, vikao hakuna. Wengi huamini ndipo ulipozaliwa wito ambao mashabiki wa chuo hicho hupiga hadi leo. Tamu, lakini wito wenyewe ulianzishwa na vijana wa kushangilia miaka ya 1970. Simlaumu anayependa simulizi, kazi yangu nami ni kuuza simulizi. Ila kura ya 1946 haihitaji kupambwa: vijana waliacha mechi kwa sababu ya wenzao wawili.

Safari hii SMU hawakukataa. Bell na wachezaji wake walikubali kucheza na timu nzima. Naamini hesabu za namba tatu na namba nne zilisaidia dhamiri, lakini walikubali. Hoteli za Dallas ndizo hazikuweza kupokea timu iliyochanganyika. Ndiyo maana ya ile kambi: kituo cha ndege za wanamaji nje ya mji, mali ya serikali kuu. Wengi kwenye timu walikuwa wametoka vitani muda si mrefu. Unaalikwa kwenye sherehe baada ya miaka 25, unafika, unarudishwa kambini.

Uwanjani Walker alianza kwa kumrushia Paul Page pasi ya yadi 53, SMU wakapata tachdauni, kisha akakimbia mwenyewe kupata ya pili. Mkwaju wa nyongeza wa pili ulikosa. 13 kwa 0. Kabla ya mapumziko Elwood Petchel alimpata Larry Cooney, ikawa 13 kwa 7. Kipindi cha tatu Petchel huyo huyo akarusha pasi fupi, na aliyeidaka ni Triplett. Tachdauni. 13 kwa 13, umebaki mkwaju wa pointi moja. Ed Czekaj akaupiga nje. (Baadaye akawa mkurugenzi wa michezo wa chuo hicho hicho, kwa hiyo walimsamehe.) Pasi ya mwisho ya mechi ilimfikia Hoggard kwenye eneo la mwisho, ikamponyoka.

Mwaka 1949 Triplett alichaguliwa na Detroit Lions, akawa mweusi wa kwanza kuchaguliwa na kisha kucheza NFL. Mwaka 1950 akaletewa mchezaji mwenza mpya: Doak Walker. Oktoba mwaka huo, dhidi ya Rams wa Los Angeles, alirudisha mipira minne kwa jumla ya yadi 294, rekodi iliyodumu hadi 1994. Lions walifungwa 65 kwa 24.

SMU wenyewe walimsajili mchezaji wao wa kwanza mweusi mwenye ufadhili, Jerry LeVias, mwaka 1965. Alitemewa mate na kutishiwa kuuawa. Katika msimu wake wa kwanza aliisaidia timu kutwaa ubingwa wa ukanda, na tarehe 31 Desemba 1966 akaingia nayo Cotton Bowl, uwanja ule ule, karibu miaka 19 baada ya Triplett.