Sarafu ya 1780 Ambayo Haikutengenezwa 1780: Angalia Hivi Kabla Hujapigwa

Kuna mama mmoja alifariki tarehe 29 Novemba 1780, na mpaka leo sarafu yenye sura yake bado inatengenezwa, ikiwa na mwaka uleule: 1780. Ukienda kununua na hesabu ya "imeandikwa 1780, kwa hiyo ina miaka zaidi ya mia mbili", umeshapigwa mchana kweupe. Na aliyekuuzia hata hajadanganya. Mwaka si umeusoma mwenyewe?

Mama huyo ni Maria Theresa, mtawala wa Austria na nchi nyingine kibao za Ulaya ya kati. Kwenye sarafu ni mwanamke mnene, mjane, amejifunika ushungi, lulu kichwani na kishikizo cha lulu begani. Upande wa pili kuna tai mwenye vichwa viwili. Wazee wa pwani waliiita reale, na Zanzibar ya karne ya 19 hiyo ndiyo ilikuwa pesa ya maana. Pembe za ndovu zililipiwa kwa hiyo, karafuu zililipiwa kwa hiyo, na watu pia waliuzwa kwa hiyo sokoni. Baadaye rupia za India zikaisukuma pembeni, kisha wakaja Wajerumani na heller zao, ndiyo hiyo "hela" unayoililia kila mwisho wa mwezi.

Sasa kwa nini mwaka haukubadilishwa baada ya mama kufa? Kwa sababu wateja waligoma. Wauza kahawa wa Yemen na wafanyabiashara wa Ethiopia walishaizoea sura hii na hawakutaka nyingine. Inasimuliwa kwamba walikuwa wanahesabu lulu moja moja, wanakikagua kishikizo, wanapapasa maandishi ya Kilatini yaliyozunguka ukingo. Huo ukingo haukuwa pambo tu. Enzi hizo wajanja walikuwa wanakwangua fedha kidogo kidogo pembeni mwa sarafu, wanajaza kifuko, halafu sarafu wanaitumia kwa thamani ileile. Ukingo wenye maandishi ukikwanguliwa unaonekana hapohapo.

Mfalme Menelik wa Pili wa Ethiopia alijaribu. Miaka ya 1890 akatoa sarafu yake, sura yake mwenyewe, simba nyuma, fedha nzuri kabisa. Raia wake wakaendelea kumtaka yule mama. Yaani mfalme yuko kwake, na anabwagwa sokoni na bibi wa Ulaya aliyezikwa zaidi ya miaka mia moja iliyopita.

Sinema yenyewe ilianza 1935. Mussolini alikuwa anajiandaa kuivamia Ethiopia, akajua jeshi likifika kule litahitaji pesa ambayo watu wanaikubali. Akaibana Austria mpaka ikampa haki ya kuipiga sarafu hiyo kwa miaka 25, na kazi ikahamia Roma. Waingereza, ambao nao walikuwa na biashara zao Bahari ya Shamu, wakasema hatukubali, na 1936 London ikaanza kupiga za kwake. Paris ikaingia, Brussels ikaingia, Bombay, Birmingham. Viwanda vyote hivyo, sura moja, mwaka mmoja. Mwaka 1961 kazi ikarudi Vienna, na Vienna inaendelea nayo hadi leo.

Kwa hiyo feki ni ipi hapo? Wengine wanasema zote zisizo za Austria ni feki. Hilo ni kuwaonea. Zilizopigwa London zilikuwa na uzito uleule na fedha ileile, na mfanyabiashara wa zamani alichonunua kilikuwa fedha, sio cheti cha kuzaliwa. Ila wewe unayeuziwa leo kama "kitu cha kale" unalipia umri, na hapo ndipo tofauti inapokuja. Iliyopigwa kweli miaka ile ya 1780 ni adimu. Zilizokuja baadaye ziko kwa mamilioni, na nyingi bei yake haipandi sana juu ya bei ya fedha iliyomo.

Kujua kama ni fedha kweli ni kazi ndogo. Sarafu nzima ina gramu 28.07 na upana wa kama milimita 40. Katika kila sehemu 1,000, fedha ni 833, inayobaki kwa kawaida ni shaba. Sumaku isiikamate. Kisha chukua mzani mdogo wa sonara, weka glasi ya maji juu yake, rudisha mzani usome sifuri. Funga sarafu kwa uzi, izamishe yote bila kugusa chini wala pembeni. Mzani usome kama 2.75. Ya shaba na nikeli yenye ukubwa uleule itakuwa na gramu kama 24 na nusu tu, na fundi akiiongeza unene ifike 28, majini itasoma zaidi ya 3.1. Maji hayanunuliki, bwana. Zile za kumimina kwenye udongo zinajionyesha hata kwa macho: vitundu vidogo kama vya mkate, lulu zimevimba, ukingoni kuna mstari wa kuungia.

Lakini mjanja wa kweli hahangaiki kutengeneza sarafu. Ananunua ya halali, ya juzi juzi, fedha kamili, halafu anaigonga muhuri. Mwishoni mwa karne ya 19 Wareno kule Msumbiji waligonga herufi PM chini ya taji kwenye reale zilizokuwa zinazunguka huko, na ziko nyingine zenye muhuri wa Kiarabu wa Hijazi. Wakusanyaji wanazitafuta kwa udi na uvumba, muhuri mmoja unapandisha bei mara kadhaa, na kuuchonga hakuhitaji kiwanda. Hapa mzani umekwisha kazi, maji yamekwisha kazi. Sarafu ni ya kweli, uongo uko kwenye sentimita moja tu.

Kwanza geuza upande wa pili. Muhuri uliogongwa kwa nyundo hubonyeza chuma, kwa hiyo nyuma yake kabisa pawe pamelala kidogo. Pili, angalia uchakavu: mama amesuguka pua na lulu zimefifia, ila muhuri kingo zake zinakata kama wembe? Umegongwa baada ya sarafu kuchoka, na huenda ni mwaka huu. Tatu, na hii ndiyo inayowaumbua wengi, rudi kwa wale wauza kahawa na macho yao. Kila kiwanda kiliacha alama zake bila kutaka: idadi ya lulu kwenye kishikizo, umbo lake, manyoya ya mkia wa tai. Vipo vitabu vya wakusanyaji vinavyoonyesha ipi ya Roma na ipi ya Bombay. Ukikuta muhuri wa Msumbiji wa karne ya 19 kwenye sarafu iliyopigwa London 1936, huhitaji kubishana na mtu.

Tena papase juu ya kichwa cha mama. Nyingi zilitobolewa au kuwekewa kikulabu, zikavaliwa shingoni kama mkufu, hasa Uarabuni na Ethiopia. Siku hizi kikulabu kinang'olewa, tundu linazibwa kwa lehemu, linang'arishwa, unaambiwa haijawahi kuguswa. Pitisha mwanga ubavuni: palipozibwa pana rangi tofauti na maandishi yamekatika. Wakati ilivyo, na tundu lake, ingekuwa imekuambia shingoni mwa nani ilikaa.