Uzito wa vibonyezo vya piano wawaelemea wapigaji wazee

Vladimir Horowitz aliporejea Moscow Aprili 1986 akiwa na umri wa miaka 82, baada ya miaka 61 ughaibuni, piano yake mwenyewe ilisafirishwa kutoka New York. Vibonyezo vyake vilikuwa vimerekebishwa na mafundi viwe vyepesi kuliko kawaida.

Kibonyezo cha piano kubwa ya kisasa huhitaji takriban gramu 50 ili kishuke polepole. Kupiga kwa sauti kubwa hudai nguvu nyingi zaidi, kwani ukubwa wa sauti hutokana na kasi ya nyundo inapogonga nyuzi. Hapo ndipo mzee mwenye maradhi ya viungo huelemewa.

Hata hivyo, wepesi nao una gharama. Kibonyezo chepesi mno huponyoka kidoleni, na kupiga kwa sauti ya chini, ambako si rahisi hata kwa kijana, humshinda mwenye mkono unaotetemeka. Horowitz alikuwa na miongo kadhaa ya mazoezi. Aidha, fundi anayeongeza risasi ndani ya kibonyezo hupunguza gramu zinazopimwa, ila huongeza uzito unaopaswa kusukumwa katika vipande vya haraka. Afadhali apunguze uzito wa nyundo, au msuguano wa pini zake.

Kwa wenye vinanda vya umeme, mpangilio wa mguso ukiwekwa kwenye “mwepesi” hutoa sauti kubwa kwa pigo dogo. Uzito halisi wa kibonyezo haubadiliki. Mnunuzi mzee hana budi kukijaribu kinanda dukani kwa vidole vyake mwenyewe, tena kwa muda wa kutosha kuchoka.