Waliokwepa Michezo ya Shule

Siku ya michezo ya shule ikaribiapo, hakosi mtoto ashikwaye na tumbo ghafula, wala mwingine asemaye ametumwa na bibi yake. Sisi walimu twamwita mvivu, tukamkokota hata kiwanjani. Lakini desturi hii ya kumlazimisha kila mtoto kucheza ina asili yake, nayo si ile tuidhaniayo.

Katika mji wa Marlborough, Uingereza, shule ilifunguliwa mwaka 1843, hasa kwa wana wa makasisi. Wavulana walikuwa wengi na waangalizi wachache. Saa za mapumziko walitawanyika mashambani, wakiwapiga wanyama mawe na kuiba kuku za wenyeji. Hata Novemba 1851 wakaasi kabisa, wakavunja madirisha na kulipua fataki, na mkuu wa shule akaiacha kazi yake. Aliyemfuata, George Cotton, aliwaandikia wazazi barua mwaka 1853, akitaka wavulana wakae katika viwanja vya shule na kucheza kriketi na mpira. Basi michezo ile haikuamriwa kwanza kwa ajili ya afya. Ilikuwa zizi. Nalo lilifaa, maana fujo zilipungua, na shule nyingine nazo zikashika njia hiyo. Ila hapo likazaliwa kosa ambalo zamani halikuwako, yaani kutokucheza.

Mtazameni William Morris, aliyesoma hapo tangu 1848 hata 1851, kabla ya amri ile. Michezo hakuijali. Alizunguka katika msitu wa Savernake, akaenda kuyatazama mawe makubwa ya kale ya Avebury. Alipokuwa mtu mzima alisema kwamba shuleni hakufundishwa karibu neno lo lote, bali nchi ile ndiyo iliyomfundisha. Majani na ndege aliowachora katika vitambaa na karatasi za ukutani wapendwa hata leo. Angalizaliwa miaka mitano baadaye, saa zile zingalikwenda katika kriketi. (Kuku za majirani nazo zilikuwa na haki yao, hatukatai.) Kwa hiyo mtoto akikimbia kiwanja, twaona yafaa kwanza kuuliza akimbilia wapi.

Walimu waliolelewa katika shule za namna hiyo walikuja kwetu pamoja na misheni, na wanafunzi wa Kiungani, Unguja, wakacheza mpira na kriketi tangu karne ya 19. Mpira ulikuja na hukumu yake, kwamba asiyecheza ana ila.

Huko Marlborough kwenyewe wakwepaji hawakwisha. Katika miaka ya 1920 walikuwapo John Betjeman na Louis MacNeice, ambao wote wawili walikuwa washairi mashuhuri baadaye, na Anthony Blunt, aliyekuwa mtaalamu wa picha. Blunt alieleza kwamba walikuwa wakienda kiwanjani wenzao wachezapo kriketi, wakirushiana mpira mkubwa uliopakwa rangi kali, katikati ya mchezo, makusudi kuwaudhi.