Dinamo, alternateri na mukuba: historia ya fundi wa motokari mjini Lubumbashi

LUBUMBASHI. Motokari ya zamani, kama Peugeot 404 au 504, inapozimika usiku kati ya Likasi na Lubumbashi, mara nyingi kosa si la injini. Taa zinaanza kufifia, kisha batri inakufa. Alternateri imeacha kutoa umeme. Kwa familia iliyopakia magodoro na watoto ikikimbia vita, kosa hilo dogo linaweza kuwa jambo kubwa sana. Ndiyo maana fundi anayejua kuifufua ana historia inayofaa kusimuliwa.

Mji huu ulianza mwaka 1910 ukiitwa Élisabethville, mwaka uleule ambao reli kutoka kusini ilifika. Mwaka 1911 kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilianza kuyeyusha mukuba hapa. Kazi ya mukuba wazee wetu waliijua zamani, wakiuyeyusha na kuutengeneza misalaba ya biashara. Jipya lilikuwa wingi wake, na mahali ulipokwenda: ulipanda treni, ukavuka bahari, ukatengenezwa waya huko Ulaya na kwingineko. Ndani ya kila dinamo na kila alternateri mna waya wa mukuba.

Umeme nao ulikuja na migodi. Mwaka 1930 bwawa la Mwadingusha, kwenye mto Lufira, lilianza kutoa umeme. Migodi na viwanda vilijaa mota kubwa, na mota ikiungua lazima waya wake usukwe upya. Mafundi wanaiita kazi hiyo kubobina. Unatoa waya ulioungua, unahesabu mizunguko ya kila koili, unapima unene wa waya, unaweka karatasi ya kuzuia umeme, unasuka upya kwa hesabu ileile, unapaka vanishi na kuikausha kwa moto. Ukikosea hesabu, mashine haitafanya kazi sawasawa. Anayejua kusuka mota ya mgodini, alternateri ya motokari haimshindi.

Motokari za kwanza zilikuwa na dinamo. Shida yake ni kwamba injini ikienda polepole, umeme ni kidogo: taa zinafifia kila unaposimama. Mwaka 1960 kampuni ya Chrysler huko Marekani iliweka alternateri kwenye motokari yake ya Valiant, na kampuni nyingine zikafuata. Katika alternateri, umeme mkubwa unazaliwa kwenye koili zisizozunguka, na diodi sita zinaugeuza uwe wa njia moja, ule unaokubalika na batri. Hata injini ikinguruma polepole, batri inajazwa.

Mwaka huohuo wa 1960, tarehe 11 Julai, Katanga ilijitangaza kuwa inchi ya peke yake, na vita havikuisha mpaka Januari 1963. Mwaka 1966 mji ukapewa jina la Lubumbashi. Tarehe 30 Novemba 1973 serikali ya Zaire ilitangaza kuchukua biashara za wageni ili zipewe wenyeji, nao watu wakaiita zairianisasio. Maduka mengi yalibadilisha wenyewe, na vipuri vikawa adimu. Mwaka 1975 vita vya Angola vikafunga reli ya Benguela, njia fupi ya kufika baharini. Aliyekuwa na motokari alijifunza neno moja: usitupe, tengeneza.

Kisha likaja pigo kubwa zaidi. Gécamines, iliyorithi migodi ya Union Minière na kutoa zaidi ya tani 400,000 za mukuba katika mwaka 1986, ilianza kuanguka. Na katika miaka ya 1992 na 1993, Wakasai wengi walifukuzwa Katanga. Familia zilingoja treni kwa siku nyingi kwenye vituo vya Likasi na Kolwezi, na wengi walikufa. Kati yao walikuwamo wafanyakazi wa ufundi waliozaliwa hapahapa. Ufundi hauandikwi wote katika kitabu, unakaa mikononi. Fundi akifukuzwa, mikono yake inaondoka naye, na kijana aliyekuwa akimtazama anabaki na nusu ya kazi.

Leo motokari nyingi zinaingia kupitia Kasumbalesa, na nyingine zina usukani upande wa kuume ingawa sisi tunaendesha kuume. Lakini alternateri inafanya kazi kama zamani, na fundi anaanza kwa kupima. Injini ikiwa imezimwa, batri nzima inaonyesha karibu volti 12.6. Injini ikiwaka, inapaswa kuwa kati ya 13.8 na 14.4. Kama haipandi, anakagua mkanda kwanza, kisha makaa madogo yanayogusa pete, kisha diodi, na mwisho koili. Koili iliyoungua inajulikana kwa rangi nyeusi na harufu ya vanishi.

Kuna desturi moja ya kuacha: kutoa waya wa batri injini ikiwa inaendelea kuwaka, eti kujaribu alternateri. Kwa dinamo wengine walizoea. Kwa alternateri, umeme unaweza kuruka juu ghafla na kuunguza diodi.

Kwa jamaa waliohama Pweto, Mitwaba au Manono, na kwa wale waliorudi Kasai wakiwa watoto, historia hii ni yenu pia. Mukuba uliotoka katika udongo huu unarudi kila siku ukiwa waya mwembamba mezani pa fundi. Unahitaji mtu wa kuusuka. Kijana aliyekimbia bila kitu anaweza kujifunza kazi hiyo kwa koleo, kipima umeme na mzee mwenye subira, na siku akihama tena, haitabaki nyuma.