Pamba, Maji na Neno: Tajriba na Uyakinifu katika Kinjeketile

Mnamo Julai 1905, Wamatumbi wa Nandete, Kilwa, waling'oa miche ya pamba waliyolimishwa kwa amri ya utawala wa Wajerumani. Huo ndio uliokuwa mwanzo wa Vita vya Maji Maji. Tangu hapo, vita hivyo vimefasiriwa kwa njia mbili. Ya kwanza huanzia kwenye pamba: kazi ya shuruti, kiboko na ujira duni. Ya pili huanzia kwenye maji ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, yaliyoaminiwa kuwakinga wapiganaji dhidi ya risasi. Fasiri ya kwanza huona dhuluma isimwone anayedhulumiwa. Ya pili huona imani isiulize imeota katika udongo gani.

Mvutano huu unafanana na ule uliokuwapo baina ya Umaksi na fenomenolojia barani Ulaya. Mwaka 1960, Jean-Paul Sartre alijaribu kuzipatanisha nadharia hizo mbili. Kwake, wanaonyonywa pamoja si lazima wawe kundi. Huweza kubaki kama watu wanaongoja basi, kila mmoja na lake, mpaka kitendo cha pamoja kiwaunganishe. Aidha, kile walichokiunda huweza kugeuka na kuwatawala.

Tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile (1969), inadhihirisha hoja hizo, bila ya haja ya kudai kuwa mwandishi alimfuata Sartre. Katika shamba la pamba, unyonyaji si dhana; ni njaa, uchovu na mgongo uliochapwa. Maji yanaipa tajriba hiyo lugha moja, na makabila yaliyokuwa yakihasimiana yanakuwa kundi. Hata hivyo, Kinjeketile anapotaka watu wasubiri wajiandae, neno limekwisha kumponyoka. Mwishoni, akiwa mfungwa, anakataa kutamka kuwa maji ni uongo, kwani kukana huko kungewanyang'anya wajao sababu ya kupigana.

Historia inaunga mkono mantiki hiyo: Kinjikitile alinyongwa Mohoro mwezi Agosti 1905, lakini vita viliendelea hadi 1907. Kwa hiyo, kuwaita wapiganaji wale wajinga waliodanganywa ni kukosea, na kuwaita zao la uchumi tu ni kukosea vilevile. Walikuwa watu walioielewa hali yao kwa lugha waliyokuwa nayo, wakatenda, na wakalipa gharama ya neno walilolikuza wenyewe.