Nani Hajasikia?

Kabla sijaacha chuo, somo letu la asubuhi lilijaa hadi wengine walikaa kwenye ngazi. Mhadhiri alisema kitu mara moja, akasonga mbele. Sisi wa nyuma tulibaki kuangaliana. Nimekuja kuielewa ile asubuhi baadaye sana, nikisoma historia ya mitandao isiyo na nyaya.

Juni 1971, Chuo Kikuu cha Hawaii kiliwasha ALOHAnet. Norman Abramson na wenzake walitaka watu wa visiwa vingine watumie kompyuta iliyokuwa Oahu, kwa mawimbi ya redio. Kanuni yao ilikuwa rahisi: tuma pakiti yako. Ukijibiwa, poa. Usipojibiwa, pengine imegongana na ya mwenzako. Ngoja kidogo, tuma tena.

Mwaka 1989, Steve Deering wa Stanford akaandika kanuni za maltikasti kwenye intaneti: chanzo kinatuma nakala moja tu, na ruta zinaigawa pale njia zinapoachana. Novemba 1994, Rolling Stones walirusha sehemu ya shoo yao ya Dallas kwa njia hiyo.

Kwenye nyaya, mambo yalienda. Hewani, ngoma ikawa nyingine. Kanuni ya kwanza ya Wi-Fi, 802.11, ilitoka 1997. Ukitumiwa pakiti peke yako, kifaa chako hujibu "nimepata." Ikitumwa kwa kundi, hakuna anayejibu, maana wote wakijibu pamoja majibu yatagongana. Ikikupita, imekupita. Tena ruta hutuma polepole ili hata aliye mbali asikie, na hapo kila mtu anacheleweshwa.

Watengenezaji wengine wakaamua ruta impe kila mtu nakala yake, kwa kasi inayomfaa. Inaonekana ni hasara, lakini watu wakiwa wachache mara nyingi inafika haraka zaidi. Wakiwa mia mbili, hewa inajaa.

Mwaka 2012 ikaja 802.11aa. Moja ya njia zake: tuma mara moja kwa wote, kisha uliza mmoja mmoja, kwa zamu, amekosa nini. Rudia hicho tu.

Miaka 15, bana, kuandika swali ambalo mwalimu wa chekechea huuliza kila siku. Sisemi ningemaliza digrii. Lakini ningeulizwa, ningeinua mkono.