Mzigo na Jembe

Katika karne ya 19, wapagazi wa Unyamwezi walichukua pembe za ndovu kutoka Tabora mpaka Bagamoyo. Twajua walivutwa pande mbili: ujira ulikuwa pwani, shamba na watoto nyumbani. Basi walipenda kusafiri wakati wa kiangazi, ili mvua za kwanza ziwakute kwao wakishika jembe. Mwenye msafara aliyewakawisha aliweza kuamka akaona mizigo imelala chini, wenyewe wametoroka. Wengine walifuatana na wake zao, wakipikiana njiani. Gari la moshi lilifika Tabora mwaka 1912, likatwaa mizigo ile. Lakini vijana wakaenda mashamba ya mkonge ya Tanga, wala mkataba haukungoja mvua. Jembe likabaki mikononi mwa mama.